Michigan: nani analipwa na asiransi ya gari akiumia barabarani?

Huko Grand Rapids na Lansing, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, wanaishi Wakongomani wengi waliofika kama wakimbizi, na wengi wao walitoka huku mashariki. Simu inapolia Bukavu ama Uvira na habari ni kwamba ndugu amegongwa na gari, swali la kwanza la jamaa ni lile la siku zote: "Nani alikosa?" Lakini kule Michigan, kwa mambo ya kulipa hospitali, swali linaloanza ni lingine: aliyeumia yuko chini ya asiransi ya nani?

Sheria mbili za mwaka mmoja

Huku Kongo, sheria ya tarehe 5 Januari 1973 ilimlazimisha kila mwenye gari kuwa na asiransi inayolipa watu wengine walioumizwa na gari yake. Ndiyo maana watu wanashindana kwanza juu ya kosa, na shoferi aliyekosa hana cha kungojea kwenye asiransi hiyo.

Sheria ya Michigan ilianza kazi tarehe 1 Oktoba 1973, nayo ilichukua njia ingine. Aliyeumia anatunzwa bila kungoja kujua nani alisababisha ajali. Hata shoferi aliyekosa anaweza kulipwa.

Ni asiransi gani inalipa?

Kwa kawaida mambo yanafuata mstari huu:

1. Asiransi ya gari ya yule aliyeumia.
2. Kama hana, ile ya mume ama mke wake.
3. Kama hakuna, ile ya ndugu wanayeishi naye nyumba moja.
4. Kama hizo zote hazipo, anaomba kwenye mpango wa jimbo unaoitwa Michigan Assigned Claims Plan. Matunzo ya huko yanafika mpaka dola 250 000.

Kwa hiyo hata mtu aliyekuwa anatembea kwa miguu, mwenye kinga, ama abiria asiye na gari, anaweza kutunzwa. Kwa pikipiki ni tofauti, kwani sheria hiyo haiihesabu kuwa gari. Aliyeanguka nayo peke yake hapati kitu. Gari lazima iwe imehusika, na asiransi ya gari hiyo ndiyo inaulizwa kwanza.

Wanalipa nini?

Matunzo ya hospitali yanafuata kiwango ambacho mtu alichagua aliponunua asiransi. Tangu Julai 2020 anaweza kuchagua matunzo yasiyo na mwisho, dola 500 000 ama dola 250 000. Viwango vya chini zaidi vina masharti yake. Aliyeshindwa kufanya kazi anapata asilimia 85 ya mshahara, kwa muda usiozidi miaka 3. Kuna pia mpaka dola 20 kwa siku za kulipa mtu wa kusaidia kazi za nyumbani. Akifariki, kuna malipo ya mazishi na ya wale aliokuwa anawalisha.

Mtego wa gari isiyo na asiransi

Hapa ndipo wageni wengi wanaweza kupoteza yote. Mwenye gari isiyo na asiransi hapati malipo haya ikiwa gari hiyo imo katika ajali, hata kama kosa ni la mwingine.

Mfano: kijana amefika juzi, mjomba wake anamwachia gari ya zamani ya kwendea kazini, lakini hakuna aliyeilipia asiransi. Baada ya miezi miwili anagongwa kwa nyuma akiwa amesimama kwenye taa nyekundu. Yeye hana kosa hata kidogo, na karatasi za gari ni za mjomba. Lakini sheria inamhesabu kuwa mwenye gari hata yule anayeitumia kwa zaidi ya siku 30. Kwa hiyo halipwi, na bili ya hospitali inabaki juu yake, ama juu ya bima yake ya afya kama anayo.

Anayekataliwa pia ni aliyechukua gari akijua hana ruhusa, na aliyejiumiza kwa makusudi. Mgeni anayeishi jimbo lingine kwa kawaida hapati, isipokuwa ana gari iliyoandikishwa na yenye asiransi Michigan.

Mwaka mmoja tu

Habari ya kuumia inapaswa kufika kwa asiransi kwa maandishi kabla ya mwaka kuisha tangu siku ya ajali. Polisi kuandika ripoti yao hakutoshi.

Basi ndugu akipiga simu toka hospitali ya kule, jamaa wamuulize haya: gari ilikuwa na asiransi siku ile? Nyumbani kuna mwingine mwenye asiransi? Na barua imekwisha kutumwa? Swali la nani alikosa litakuja baadaye, kama ameumia vibaya sana na anataka kumshitaki aliyemgonga.