Hati Mbili na Njia Tatu: Kuhamishwa kwa Walutheri wa Salzburg, 1731–1734

Mwanafunzi wa historia ya Kanisa akutanapo na habari za Walutheri wa Salzburg, mara nyingi huzikuta zimesimuliwa kwa ufupi na kwa fahari: askofu mkuu aliyekosa uvumilivu, waumini wapatao 20,000 walioacha makwao kwa ajili ya Injili, na mfalme mwema aliyewafungulia mlango. Masimulizi hayo si ya uongo. Hata hivyo, mtu aliyewahi kusimama katika foleni ya ubalozi akiwa na bahasha ya vyeti mkononi atazisoma habari zizo hizo kwa namna nyingine. Ataona ya kuwa maisha ya watu wale yalipitia katika hati mbili, moja ya kuwatoa na nyingine ya kuwaingiza, na kwamba kati ya hati hizo kulikuwa na miezi mitatu ya baridi kali. Makala haya yanakusudia kuzisoma hati hizo mbili pamoja, kwa maana tumezoea kuilaani ile ya kwanza na kuisifu ile ya pili bila kutambua jinsi zinavyofanana.

Salzburg, ambayo leo imo katika nchi ya Austria, ilikuwa wakati ule dola ndogo ndani ya Dola Takatifu la Kirumi, na mtawala wake alikuwa ni askofu mkuu, aliyeshika fimbo ya kichungaji na upanga wa serikali kwa pamoja. Utajiri wa nchi ulikuwa chini ya ardhi: dhahabu na fedha katika mabonde ya milimani, na chumvi katika mlima wa Dürrnberg, juu ya mji wa Hallein. Tena ni kwa njia ya machimbo hayo kwamba mafundisho ya Luther yaliingia huko katika karne ya 16. Wachimbaji walioajiriwa kutoka Saxony walikuja na ujuzi wao, na pamoja na ujuzi walikuja na vitabu. Kwa muda wa karibu miaka 200 wakulima na wachimbaji wa milimani walihudhuria misa mchana, na usiku wakasoma Biblia na mahubiri ya Luther nyumbani. Hawakuwa na mchungaji wala usharika uliotambuliwa.

Si kwamba waliachwa kwa amani muda wote huo. Katika miaka ya 1680 Askofu Mkuu Max Gandolf aliwafukuza Waprotestanti wa bonde la Defereggen, na baada yao wachimbaji wa Dürrnberg waliokataa kukana imani. Watoto wadogo walizuiliwa wabaki nchini ili walelewe katika imani ya Kikatoliki. Miongoni mwa waliofukuzwa alikuwamo Joseph Schaitberger, mchimbaji wa chumvi, ambaye aliishia Nuremberg akifanya kazi za mikono. Binti zake walibaki nyuma. Kutoka Nuremberg aliwaandikia ndugu zake barua za imani zilizochapishwa na kupenyezwa milimani kwa siri, na pia utenzi wa mtu aliye uhamishoni ambao bado unajulikana. Aliishi hadi 1733, hivyo aliyaona kwa macho yake makundi ya watu wa nyumbani kwao yakipita njia aliyoipita yeye zaidi ya miaka 40 nyuma.

Mwaka 1727 Leopold Anton von Firmian alichaguliwa kuwa askofu mkuu. Aliwaita Wajesuiti wahubiri vijijini, na mojawapo ya njia za kumtambua Mkatoliki wa kweli ikawa ni salamu: kila mtu alitakiwa kumwamkia mwenzake kwa kumsifu Yesu Kristo, salamu ambayo Baba Mtakatifu Benedikto wa 13 alikuwa ameiambatanisha na rehema. Kwa sababu ya rehema hizo Walutheri walikataa kuitamka. Msomaji wa Tanzania atatambua mara moja ni salamu gani, maana majirani zetu Wakatoliki huamkiana nayo hadi leo, nasi tunaiitikia bila ya shida yoyote. Kule Salzburg neno jema namna hiyo liligeuzwa kuwa kizuizi cha barabarani.

Wakulima walipeleka malalamiko yao Regensburg, kwa baraza la wajumbe wa dola za Kiprotestanti. Mwezi Julai 1731 tume ya askofu mkuu ilizunguka mabondeni kuwasikiliza watu, na watu wapatao 20,000 wakajiandikisha kuwa ni wa imani ya Kiinjili. Idadi hiyo iliitia hofu serikali. Tarehe 5 Agosti wawakilishi wao walikutana katika nyumba ya wageni huko Schwarzach, wakachovya vidole katika chumvi na kula kiapo cha kushikamana. Kwa wachimbaji na wakulima, chumvi ilikuwa agano. Kwa askofu mkuu ilikuwa ushahidi wa uasi.

Hapa ndipo sheria inapoingia, nasi hatuna budi kuiangalia kwa makini. Amani ya Westphalia ya 1648 ilikuwa imempa mtawala uwezo wa kuamua dini ya nchi yake, lakini pia iliwapa raia wa imani nyingine haki ya kuhama kwa utaratibu, pamoja na mali zao, na kwa muda usiopungua miaka 3. Firmian na washauri wake waliijua haki hiyo vizuri. Wakaikwepa kwa neno moja tu: waliwaita watu wale waasi. Haki ya kuhama ni ya muumini, mwasi hana. Amri ya kuwafukuza iliandikwa tarehe 31 Oktoba 1731 na kutangazwa tarehe 11 Novemba. Mlutheri atatambua ya kwamba tarehe ya kwanza ni ile ya Hoja 95, na ya pili ni siku aliyobatizwa Luther.

Amri hiyo iliwapanga watu kwa mali zao. Wenye mashamba na nyumba walipewa kati ya mwezi 1 na miezi 3, kwa kadiri ya thamani ya walichonacho, na baadaye waliongezewa muda hadi sikukuu ya Mtakatifu George, mwezi Aprili 1732. Wasio na mali, yaani watumishi wa mashambani, vibarua na wajakazi, wote waliozidi umri wa miaka 12, walipewa siku 8. Hivyo waliotangulia kutoka, wakisindikizwa na askari katika theluji ya mwisho wa Novemba, walikuwa ni wale wasio na kitu, nao walizunguka kwa majuma kadhaa mpakani na katika miji ya kusini mwa Ujerumani, pasipo mtu aliyejua wanakokwenda. Walikuwa yapata 4,000. Katika picha nyingi zilizochorwa baadaye tunaonyeshwa familia zenye mikokoteni na mavazi nadhifu. Hao ni wa kiangazi, wenye mashamba. Wale 4,000 wa kwanza hawakupata wachoraji wengi.

Hati ya pili ilitolewa na Mfalme Friedrich Wilhelm wa Kwanza wa Prussia tarehe 2 Februari 1732. Mfalme huyu alikuwa wa mapokeo ya Kireformati, wala si Mlutheri, na hilo lamwongezea sifa. Alitangaza kwamba tangu sasa watu wa Salzburg wanaotaka kuja kwake wahesabiwe kuwa raia wake, na kwamba yeyote atakayewazuia au kuwadhulumu mali zao atakuwa amemdhulumu yeye. Aliahidi posho ya njiani: groschen 4 kwa siku kwa mwanamume, 3 kwa mwanamke na 2 kwa mtoto. Ni hati ya ajabu kwa wakati wake, na mimi sitaki kuipunguzia heshima.

Lakini ilitanguliwa na mambo mawili. La kwanza ni usaili. Mwezi Novemba 1731 wajumbe wawili wa Salzburg, Peter Heldensteiner na Nikolaus Forstreuter, walifika Berlin kuomba msaada, na kabla ya kujibiwa walihojiwa na wanatheolojia juu ya imani yao. Ilibidi ithibitike kwamba hawa ni watu wa Ungamo la Augsburg, kwa kuwa sheria ya dola haikuwalinda watu wa madhehebu mengine yasiyotambuliwa. Watu waliojifunza imani jikoni, kwa kunong'ona, walitakiwa kuitoa kwa ufasaha mbele ya wasomi. Walifaulu. La pili ni tauni. Kati ya 1709 na 1711 maradhi hayo yaliua zaidi ya watu 200,000 katika Prussia Mashariki, na kwa muda wa miaka 20 mfalme alikuwa akitafuta wakulima wa kuyajaza mashamba yaliyobaki matupu. Huruma na hesabu vilikaa katika karatasi moja.

Kundi la kwanza lilifika Berlin tarehe 30 Aprili 1732. Njiani miji ya Kiprotestanti iliwapokea kwa kengele, mahubiri na sadaka, na sarafu za ukumbusho zilifuliwa. Baada ya Berlin, wengi walipakiwa merikebuni Stettin na kupelekwa Königsberg, na baharini mamia walikufa. Zaidi ya watu 15,000 walifika Prussia Mashariki, wengi wao wakipewa makazi katika eneo la Gumbinnen. Watu wa milimani waliwekwa katika nchi tambarare, wakatawanywa miongoni mwa wenyeji wa lugha nyingine, ingawa walikuwa wameomba kukaa pamoja. Manung'uniko yalikuwapo, na maofisa wa mfalme wakashangaa jinsi wakimbizi wanavyoweza kunung'unika.

Njia ya pili ilikuwa ya wachimbaji wa Dürrnberg, nayo hutajwa mara chache. Hawa walikuwa mafundi hasa, watu wa ujuzi uliorithiwa kutoka kwa baba na babu. Mwishoni mwa Novemba 1732 karibu 800 kati yao, pamoja na wake na watoto, walishuka mtoni kwa mashua hadi Regensburg, na kutoka huko wakaenda Uholanzi, kwenye kisiwa cha zamani cha Cadzand katika Zeeland. Uholanzi ilihitaji mikono ya kulima. Mtu aliyejua kuusoma mwamba gizani akapewa jembe katika ardhi ya tope iliyo chini ya usawa wa bahari. Homa iliwapata, wengi walikufa, na wengi wa waliosalia wakaondoka tena. Hakuna aliyewatendea kwa ukatili wa makusudi. Waliandikiwa tu kazi ambayo haikuwa yao. Katika ofisi ya usharika tumewaona wauguzi na walimu wakija kuomba barua ya utambulisho ya kwenda ng'ambo, na baadhi yao tumesikia baadaye kwamba wanasafisha maghala. Nikisoma habari za Cadzand nawakumbuka hao kuliko ninavyoikumbuka Prussia.

Njia ya tatu ilivuka bahari kuu. Mchungaji Samuel Urlsperger wa Augsburg, kwa kushirikiana na wakristo wa Uingereza na wa Halle, alipanga kundi dogo liende Georgia, koloni jipya katika Marekani ya leo. Sheria ya koloni hilo iliahidi uhuru wa dini kwa watu wote isipokuwa Wakatoliki, jambo ambalo mtu aliyefukuzwa na Wakatoliki angeweza kulipita bila kuuliza swali. Kundi la kwanza, watu wapatao 40, lilikula kiapo cha utii huko Dover na kufika Savannah mwezi Machi 1734, likiwa na wachungaji wawili, Johann Martin Boltzius na Israel Christian Gronau. Makazi yao waliyaita Ebenezer, jiwe la msaada. Mahali pa kwanza palikuwa pabaya, vifo vikawa vingi, na mwaka 1736 ilibidi wahamie ng'ambo karibu na mto Savannah.

Georgia ilikuwa imepiga marufuku utumwa mwaka 1735. Walowezi wengine walipodai marufuku hiyo iondolewe, watu wa Ebenezer waliandika ombi mwaka 1739 kuipinga hoja hiyo. Sababu walizotoa hazikuwa za haki peke yake. Walihofia usalama wao, na walitaka kuonyesha kwamba si kweli kuwa Mzungu hawezi kulima mpunga katika joto lile, kwani wao wenyewe walikuwa wamevuna kwa mikono yao. Lakini walisema hapana, na waliosema hapana walikuwa wachache. Shinikizo likaendelea, na kuanzia 1751 utumwa ukaruhusiwa. Boltzius alikubali kwa shingo upande. Wanahistoria wa koloni lile hunukuu ushauri wa Urlsperger kutoka Augsburg, kwamba kumchukua mtumwa kwa imani na kwa nia ya kumleta kwa Kristo si dhambi. Hatimaye baadhi ya washarika wa Ebenezer wakawa na watumwa wa Kiafrika, watu waliovushwa bahari ileile pasipo hati, posho wala kengele. Nimewahi kuliuliza darasa swali hili: Urlsperger aliyewakusanyia sadaka wakimbizi ndiye aliyeandika shauri lile, je, ni mtu mmoja au wawili? Darasa lilinyamaza kwa muda mrefu.

Kwao Salzburg mashamba mengi yalibaki bila watu, na kupata wakulima wa kuyachukua kulikuwa kazi ngumu. Mwaka 1966 Askofu Mkuu Andreas Rohracher aliwaomba Waprotestanti msamaha kwa yaliyotendwa na mtangulizi wake, miaka 235 baada ya amri. Waliosikia ombi hilo hawakuwa tena watu wa Gumbinnen, kwa sababu wajukuu wa wajukuu wa wahamishwa wale walikwisha kukimbia Prussia Mashariki kati ya 1944 na 1945, mbele ya jeshi la Kisovieti, tena katika theluji. Mji wa Gumbinnen leo huitwa Gusev, nao umo katika Urusi. Kanisa la watu wa Salzburg lililokuwa huko lilikarabatiwa na kuwekwa wakfu upya mwaka 1995. Wazao waliotoka Ujerumani kwenda kuomba ndani yake walihitaji viza.