Mzee Ojwang': Mjaluo wa Runinga Aliyekuwa Mkikuyu

Ita jina Ojwang' katika soko la Rongo au la Oyugis na huenda wakageuka wanaume kadhaa. Lakini Ojwang' aliyejulikana kuliko wote nchini Kenya hakuwa wa Migori wala wa Homa Bay. Mzee Ojwang' Hatari, aliyewavunja Wakenya mbavu kwa zaidi ya miaka 30, alikuwa Benson Wanjau Karira, Mkikuyu aliyeishika lafudhi ya Kijaluo hata wenyewe wakamkubali.

Runinga iliingia Kenya mwaka 1962. Shirika lililoiendesha liliitwa Sauti ya Kenya, VoK, kuanzia 1964, kisha likabadilishwa jina kuwa KBC mwaka 1989. Mpaka KTN ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1990, stesheni ilikuwa hiyo moja tu. Aliyetaka kucheka kwa Kiswahili aliwasubiri waigizaji wa Broadcasting House, makao ya shirika hilo Nairobi, na vipindi vyao: Vitimbi, Vituko na Vioja Mahakamani.

Migori na Homa Bay wakati huo zilikuwa wilaya moja, South Nyanza, hadi Migori ilipomegwa mwaka 1992. Umeme ulikuwa wa mijini, na wa misheni na viwanda kama kile cha sukari cha Awendo. Vijijini, runinga ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe iliwashwa kwa betri ya gari, na betri yenyewe ilipelekwa sokoni kuchajiwa. Mwenye runinga, mara nyingi mwalimu au mfanyabiashara, hakuitazama peke yake. Watoto wa majirani walijaa sakafuni, wazee wakapewa viti, na kijana mmoja akabaki nje akizungusha mlingoti wa antena huku akiuliza kwa sauti kama picha imerudi. Betri ikiisha nguvu katikati ya kisa, watu walikwenda nyumbani wakibishana jinsi kilivyoisha.

Vichekesho vyenyewe havikuwa na gharama kubwa. Ojwang' alikuwa mzee mwenye hasira za karibu na maneno mengi. Mama Kayai, yaani Mary Khavere, Mluhya, alikuwa mkewe asiyekubali kupelekeshwa. Waliigiza pamoja miaka mingi hata watazamaji wengi wakaamini ni mume na mke wa kweli. Wahusika kina Makokha na Masaku walileta lafudhi zao, naye Ondiek Nyuka Kwota akawachosha mahakimu wa Vioja Mahakamani kwa majibu yasiyoshikika. Kila mtu alibeba kabila lake mdomoni.

Leo vipindi vya zamani vinapatikana YouTube, na ukivitazama tena kwenye simu mambo mawili yanajitokeza. La kwanza ni ustadi. Kamera inatulia mahali pamoja, mandhari ni sebule na meza, hakuna muziki wa kumwambia mtazamaji acheke wakati gani. Kazi yote iko kwa mwigizaji, na Wanjau aliiweza: kunyamaza kidogo kabla ya kujibu, kukodoa macho, kisha kulipuka. Ustadi huo haujazeeka.

La pili linazua maswali. Mzaha mwingi unategemea Mjaluo kusema "samba" badala ya shamba, au Mkamba na Mluhya kuteleza kwa namna zao. Mtoto wa Ndhiwa aliyekwenda shule ya bweni mbali na kwao huenda alichekwa kwa matamshi hayohayo, na darasani hapakuwa na Mama Kayai wa kumtetea. Tena, shirika lilikuwa la serikali, katika enzi ya chama kimoja. Kucheka kabila la jirani kuliruhusiwa. Kuwacheka wakubwa kulikisubiri kikundi cha wachekeshaji cha Redykyulass mwishoni mwa miaka ya 1990.

Hata hivyo, kuna jambo la kumtetea Mzee Ojwang'. Hakuwa mjinga wa kudharauliwa. Alikuwa mwenye mji, mwenye msimamo, na mara nyingi mwenye haki. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika ghasia zilizowagonganisha, miongoni mwa wengine, Wajaluo na Wakikuyu. Wakati huohuo, mzee wa Kijaluo aliyependwa kuliko wote runingani alikuwa Mkikuyu. Wanasiasa walikuwa na la kujifunza hapo, lakini hawakujifunza.

Mtindo wa kuigiza kabila lisilo lako uliendelea. Kipindi cha Papa Shirandula, kilichoanza kwenye runinga ya Citizen mwaka 2007, kilimleta Otoyo, Mjaluo mwingine mwenye mbwembwe, akiigizwa na Kazungu Matano, mtu wa Pwani. Kipindi hicho kilimpoteza mhimili wake, Charles Bukeko, Julai 2020.

Wanjau alifariki tarehe 12 Julai 2015 katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, akiwa na miaka 78. Miaka yake ya mwisho alisumbuliwa na macho, na umma ukachangishwa fedha ili atibiwe. Haifai mtu aliyelichekesha taifa kutegemea mchango uzeeni. Waliobaki wa kizazi chake wanastahili malipo kila kazi zao zinaporudiwa hewani au mtandaoni, na KBC inapaswa kuandika chini ya kila kipindi cha kale mwaka kilipotengenezwa, nani alikitunga na nani waliigiza, kwa majina yao halisi.