Treni za mitaani: Ratiba na maunganisho ndiyo kiini cha huduma

KILA alfajiri, maelfu ya wakazi wa Ruiru, Githurai, Kahawa, Embakasi, Kikuyu na Syokimau huanza safari ya kuelekea katikati ya jiji la Nairobi. Wachache kati yao hutumia garimoshi. Walio wengi hupanda matatu na kuvumilia msongamano wa magari, ilhali reli inapita karibu na makao yao.

Swali ambalo wengi hujiuliza ni hili: Kwa nini jiji lililozaliwa na reli limeshindwa kuitumia ipasavyo kusafirisha watu wake?

Nairobi ilianza mwaka wa 1899 kama kambi ya reli iliyokuwa ikijengwa kutoka Mombasa kuelekea Ziwa Victoria. Tawi la kwenda Thika lilikamilika mwaka wa 1913. Njia hizo za kale, zenye upana wa mita moja, ndizo hadi leo zinazobeba abiria wa mitaani, ingawa zilijengwa kwa ajili ya mizigo na safari za mbali.

Juhudi za kufufua huduma hii hazijakosekana. Mnamo Novemba 2012, Rais Mwai Kibaki alifungua kituo cha kisasa cha Syokimau, chenye sehemu ya kuegesha magari ili wenye magari wayaache hapo na kupanda treni. Mwaka wa 2017, baada ya mkataba wa kampuni ya Rift Valley Railways kuvunjwa, shughuli za reli zilirejea mikononi mwa Shirika la Reli la Kenya. Mnamo Novemba 2020, Rais Uhuru Kenyatta alizindua awamu mpya ya huduma hiyo, iliyotegemea treni 11 za dizeli zilizotumika awali nchini Uhispania.

Hata hivyo, vituo na treni ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni ratiba.

Abiria hahesabu muda anaokaa ndani ya behewa pekee. Huhesabu pia muda anaosubiri kituoni. Treni ikipita kila baada ya saa moja, anayefika bila kujua ratiba husubiri wastani wa dakika 30. Ikipita kila baada ya dakika 15, husubiri chini ya dakika nane. Kwa muda mrefu, huduma ya Nairobi imeendeshwa kwa mtindo wa kuwaleta watu mjini asubuhi na kuwarudisha jioni. Mwenye kuachwa na treni hiyo moja hana budi kurudi kwenye matatu. Mama mboga anayekwenda sokoni adhuhuri, mwanafunzi anayemaliza masomo saa nane, na mlinzi anayetoka kazini usiku, wote hawamo katika hesabu hiyo.

Kuongeza safari si jambo la kutoa amri tu. Kizuizi cha kwanza ni reli yenyewe. Sehemu kubwa ya mtandao huo ina njia moja, hivyo treni mbili zinazoelekeana haziwezi kupita ila mahali penye njia ya kupishania. Tuseme mwendo kati ya sehemu mbili za kupishania ni dakika 20. Treni ikiondoka, nyingine ya upande wa pili husubiri ifike ndipo nayo ianze safari. Hivyo basi, treni mbili zinazoelekea upande mmoja haziwezi kufuatana kwa chini ya dakika 40. Ili zipite kila dakika 20, sehemu za kupishania lazima ziwe karibu zaidi, au reli ya pili ijengwe.

Kizuizi cha pili ni idadi ya treni. Chukua njia ambayo safari ya kwenda huchukua dakika 40, na treni hupumzika dakika 10 katika kila mwisho. Mzunguko mzima ni dakika 100. Kutoa huduma kila dakika 20 kwahitaji treni tano katika njia hiyo pekee. Njia tatu za aina hiyo zahitaji treni 15, kabla ya kuhesabu zile zilizo katika karakana. Ni dhahiri kwamba treni 11 haziwezi kutosha.

Hapa ndipo faida ya treni za dizeli zenye chumba cha dereva pande zote mbili huonekana. Dereva huhama tu kutoka upande mmoja hadi mwingine na safari huanza upya. Treni inayovutwa na injini hulazimika kusubiri injini itolewe mbele, izungushwe na kufungwa nyuma, na dakika hizo hupotea bure.

Aidha, kuna makutano ya reli na barabara. Kila treni inapoongezwa, magari husimamishwa mara nyingi zaidi. Bila madaraja na vizuizi thabiti, ongezeko la safari huweza kuzidisha msongamano na ajali.

Suala la maunganisho nalo ni zito. Abiria anayeshuka katika Kituo cha Kati na kazi yake iko Westlands bado hutembea hadi steji nyingine na kulipa nauli ya pili. Akijumlisha nauli ya bodaboda kutoka nyumbani hadi kituoni, huona afadhali kupanda matatu moja tangu mwanzo.

Mfano wa maunganisho yaliyopangwa upo hapa hapa nchini. Tangu reli ya SGR ianze kusafirisha abiria mwaka wa 2017, treni za mjini zimekuwa zikipangwa ili ziwafikishe wasafiri katika kituo cha SGR kilichoko Syokimau kabla ya treni ya Mombasa kuondoka. Kinachofanyika kwa msafiri wa Mombasa chaweza kufanyika pia kwa mkazi wa Githurai.

Uswizi ilianzisha mwaka wa 1982 ratiba ambayo treni huondoka kila saa kwa dakika ile ile, na mabasi yakapangwa kuwangoja abiria. Jiji la Zurich lilipozindua treni zake za mitaani mwaka wa 1990, tiketi moja ilitosha kwa treni, tramu na basi. Abiria hakuhitaji kubeba ratiba, aliikariri.

Nairobi haina haja ya kungoja mabilioni yote yapatikane. Ratiba isiyobadilika, njia chache za kupishania katika sehemu zilizosongamana, steji za matatu kando ya vituo, na tiketi inayotambuliwa na pande zote ni hatua zinazowezekana. Mamlaka ya Uchukuzi wa Jiji la Nairobi na Viunga vyake (NaMATA), iliyoundwa mwaka wa 2017 kuhudumia kaunti za Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a, ndiyo inayofaa kuwaketisha pamoja wenye matatu na wasimamizi wa reli.

Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 4.3 Nairobi na zaidi ya milioni 2.4 Kiambu. Barabara pekee haziwezi kuwabeba wote. Wahenga walinena kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Na abiria wa jiji hili amengoja vya kutosha.