Teste na vifaa vya kujikinga: namna mashirika ya misaada yanavyovipata, na kwa nini Salamabila inafikiwa nyuma

Ugonjwa wa mlipuko ukitangazwa, mara nyingi mtu wa kwanza kumgusa mgonjwa si munganga. Ni mama wa chama anayemfulia jirani nguo, ni kijana wa Msalaba Mwekundu anayebeba machela, ni RECO anayepita nyumba kwa nyumba. Hawa wote wanahitaji mipira ya mikono, barakoa na sabuni sawa na muuguzi. Lakini nani anawapa? Swali hili liliulizwa sana wakati wa Korona, likarudi na Mpox, na litarudi tena.

Mwaka 2020 ulitufundisha nini

Mgonjwa wa kwanza wa Korona katika RDC alitangazwa Kinshasa tarehe 10/3/2020. Tarehe 24/3 Rais wa Jamhuri akatangaza hali ya dharura, na safari za watu kati ya Kinshasa na majimbo zikakatwa. Siku zile laboratwari iliyoweza kupima ilikuwa INRB ya Kinshasa, ya Profesa Muyembe. Kwa hiyo makohozi ya mgonjwa wa mashariki yalipaswa kupanda ndege, na jibu lingojewe.

Dunia nzima nayo ilikuwa inagombania vifaa. Tarehe 3/3/2020 OMS ilisema kwamba kila mwezi waganga wa dunia wanahitaji barakoa milioni 89, na kwamba bei ya barakoa za hospitali imepanda mara 6. Katikati ya mwezi ule Umoja wa Ulaya ukaamua kwamba vifaa vya kujikinga havitoki bila ruhusa. Hata Uingereza, nchi tajiri, nyumba za kutunza wazee zililia kwamba hazina barakoa wala teste.

Tuchukue mfano mmoja wa msaada. Tajiri wa Uchina, Jack Ma, alitoa kwa kila nchi ya Afrika teste 20,000, barakoa 100,000 na mavazi kamili ya kujikinga 1,000. Ni zawadi kubwa, kweli. Lakini RDC ina zoni za afya 519. Ukigawa sawasawa, kila zoni inapata barakoa zisizofika 200, na mavazi yasiyofika hata 2. Hapo unaelewa kwa nini mtu wa kijiji cha Kabambare hakuona kitu, hata kama hakuna aliyeiba.

Njia tatu za vifaa

*Njia ya serikali.* Vifaa vinatoka Kinshasa vinafika kwenye Divisheni ya Afya ya Jimbo (DPS) Kindu. Kutoka hapo vinaenda kwenye ofisi kuu ya zoni ya afya (BCZ), kwa munganga mkuu wa zoni. Yeye ndiye anagawia hospitali kubwa na vituo vya afya, akifuata orodha aliyo nayo mezani.

*Njia ya mashirika makubwa.* MSF, iliyofanya kazi miaka ile kwenye hospitali kubwa ya Salamabila, ina depo zake Ulaya, kama ile ya Brussels. UNICEF ina depo kubwa Copenhagen. Hawa wananunua wenyewe, lakini hawaingizi wapendavyo. Wanahitaji karatasi ya kusamehewa ushuru na ruhusa ya ACOREP, ile ofisi ya serikali inayosimamia dawa. Karatasi moja ikikwama, mzigo unalala forodhani. Tena mpakani si mwisho wa safari: kuna matope ya mvua, na kuna watu wenye silaha kwenye barabara za kwetu. Ndiyo maana mizigo mingi ya dharura inategemea ndege ndogo za UNHAS zinazosimamiwa na PAM.

*Njia ya vyama vya hapa.* Hivi ni vyama vya mamas, vya vijana, vya kanisa na vya msikiti, na nyumba za kusikiliza wanawake waliotendewa ubaya. Havina depo wala ruhusa ya kuingiza dawa. Vinanunua sokoni kwa bei ya siku, au vinapewa na shirika kubwa vinalofanya nalo kazi. Wakipewa, vizuri. Wasipopewa, wanafanya kazi mikono mitupu.

Teste si kitu kimoja

Wengi wanasema «watuletee teste» kama vile ni dawa ya kichwa. Ziko za aina mbalimbali.

PCR inahitaji laboratwari, umeme na watu waliosomea. Kwa miji ya mbali, msaada ulikuwa mashine ya GeneXpert, ambayo nchi yetu inaitumia kwa kifua kikuu na Ebola. Mashine ni ileile, kinachobadilika ni kartushi: kila ugonjwa na kartushi yake. Ile ya Korona iliuzwa kwa nchi maskini karibu dola 20 moja. MSF ilipiga kelele kwamba dola 5 zingetosha. Kwa hiyo mashine inaweza kuwa pale, umeme upo, na bado hakuna kupima, juu kartushi zimeisha.

Teste ya haraka ya Korona, inayotoa jibu kama dakika 15 hadi 30, ilikubaliwa na OMS mwezi wa 9/2020. Ndipo ikatangazwa kwamba nchi maskini zitapata milioni 120, kwa bei isiyozidi dola 5. Hii ndiyo ingeweza kufika kwa pikipiki hadi kituo cha kijiji. Ilikuja miezi 6 baada ya mgonjwa wa kwanza wa Kinshasa.

Nani anahesabika?

Vifaa vikiwa haba, sheria ni moja: waganga na wauguzi kwanza. Ni haki, maana muuguzi akianguka kituo kinafungwa. Lakini ubaya uko hapa: mama wa chama anayeosha mgonjwa hayumo kwenye orodha ya wafanyakazi wa afya. Anagusa ugonjwa kila siku, na karatasini hayupo. Vifaa havifuati ugonjwa, vinafuata orodha.

Na Mpox jambo hili limekuwa wazi zaidi. Aina mpya ilijulikana Kamituga, muji wa dhahabu wa Sud-Kivu, mwaka 2023. Tarehe 14/8/2024 OMS ikatangaza dharura ya dunia. Mpox inapita kwa kugusana ngozi, nguo na matandiko. Anayefua shuka yuko kwenye hatari sawa na anayechoma sindano. Na wakreseri wanahama kutoka shimo moja kwenda lingine. Kati ya Salamabila na machimbo ya Sud-Kivu watu wanapita kila siku.

Kisha mwezi wa 1/2025 Goma ilichukuliwa na M23, na uwanja wake wa ndege ukafungwa; Bukavu ikafuata mwezi wa 2. Miji hii miwili ilikuwa milango ya misaada ya mashariki, na Goma ndiko iliko laboratwari ya INRB. Mwaka huohuo Marekani ikakata sehemu kubwa ya misaada yake. Njia zimepungua, na pesa pia.

Chama chako kifanye nini kabla ugonjwa haujafika

– Jiandikishe BCZ sasa. Peleka barua yenye jina la chama, vijiji mnavyofanyia kazi na hesabu ya watu wanaogusa wagonjwa. Baki na kopi yenye muhuri.

– Ingia CODESA, kamati ya eneo lako la afya. Hapo ndipo muuguzi mkuu anapaswa kuonyesha kilichopokelewa na kilichotolewa.

– Mkifanya kazi na shirika kubwa, mwombe vifaa vya kujikinga viandikwe ndani ya mapatano, si ahadi ya mdomo.

– Anayepewa mipira ya mikono afundishwe pia kuivua. Wengi wanajiambukiza wakati wa kuvua.

– Kifaa kilichoandikwa kwa Kifaransa kwamba ni zawadi na hakiuzwi, ukikikuta sokoni, mjulishe CODESA au ofisi ya zoni.

Barua moja haileti ndege. Lakini mzigo ukifika, hata ukiwa kidogo, munganga mkuu wa zoni atagawa kwa majina aliyo nayo. Heri jina la chama chako liwemo tangu leo.