Kivunja Mji Afika Unyanyembe

Mwaka 1999 kampuni ya Lego ya Denmark ilitoa seti zake za kwanza za Star Wars. Matofali yake ya plastiki, yale yenye vifundo juu na mirija kwa ndani, yalikuwa yamepewa hataza tangu 1958, lakini hapo ndipo yalipoanza kuvaa sura za filamu. Wakaibuka wakusanyaji, na wengi wao ni watu wazima. Wanazijua seti kwa majina na kwa namba, na wanajua ipi imeacha kutengenezwa na ipi bado iko madukani. Sanduku lisilofunguliwa lina bei yake, na lililofunguliwa lina bei nyingine. Ungekiokota kipande kimoja sakafuni usingekitambua, kwa kuwa ni plastiki ya rangi tu. Thamani yake iko kwa mtu anayekijua.

Ujuzi wa aina hiyo ulikuwepo Tabora zaidi ya karne moja na nusu iliyopita. Vipande vyenyewe vilikuwa vya kioo, vimetoka viwandani Ulaya, vina majina, saizi na msimu, na aliyekosea kuvichagua aliweza kulala njaa katikati ya nchi yenye chakula tele. Zilikuwa shanga.

Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, kimojawapo cha vitongoji vilivyoizaa Tabora ya leo, Novemba 1857. Walipokewa na Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiomani aliyewakalisha na kuwafundisha mambo mengi ya bara. Katika kitabu alichochapisha 1860, Burton alisema kuwa aina za shanga zilizojulikana katika biashara ya misafara kati ya pwani na bara zilikaribia 400, kila moja na jina lake, bei yake na nchi inayoipenda. Hizo ni aina 400 ambazo mtu alipaswa kuzibeba kichwani mwake kabla hajazibeba begani.

Iliyotukuka kuliko zote katika Unyamwezi ilikuwa samisami, ushanga mdogo mwekundu wa rangi ya marijani, mweupe kwa ndani. Ilikuwa na majina mawili ya utani. Moja lilikuwa na maana ya kinachomaliza chakula, kwa sababu mtu alikuwa radhi kutoa mlo wake ili aipate. La pili lilikuwa kivunja mji, kwa kuwa, walisema, wanawake wangejifilisi wenyewe na waume zao kwa ajili yake.

Jina hilo linanivutia, ingawa siafiki namna lilivyosimuliwa. Wasafiri wa Kizungu walilichukua kama ushahidi wa upumbavu wa wanawake wanaopenda mapambo. Lakini tazama nani aliuza nini. Mpagazi na bwana wake walihitaji unga, maziwa, mayai, kuku, viazi vitamu na kuni kila jioni, na wenye vitu hivyo kwa sehemu kubwa walikuwa wanawake. Shanga zilikuwa chenji ya safari. Kitambaa na nyaya za shaba vilifaa kwa hongo, yaani ushuru wa njia, ya mtemi na kwa pembe za ndovu, lakini kibaba cha unga kililipwa kwa khete ya shanga. Mwanamke aliyekataa nyeupe akataka nyekundu alikuwa anakataa fedha isiyopita kwa jirani yake, na alichokipokea alikivaa kiunoni na shingoni, mahali ambapo hakiibiwi kirahisi na ambapo kinaweza kufumuliwa siku ya shida. Mimi naona hapo mtu anayeweka akiba yake kwa macho makini.

Khete ilikuwa uzi mmoja wa shanga, na kipimo chake kilikuwa mkono wa mtu: kutoka ncha ya kidole gumba hadi kiwiko, mara mbili. Khete kumi zilifanya fundo moja.

Kioo chenyewe kilitoka zaidi Venice na kisiwa chake cha Murano. Fundi alichota kioo cha moto kwenye tanuri, akakitia tundu la hewa katikati, kisha watu wawili wakakishika kila mmoja upande wake na kukimbia wakiachana, kioo kikinyooka kuwa mrija mwembamba wa makumi ya mita wenye tundu kutoka mwanzo hadi mwisho. Mrija ulikatwa vipande vidogo mno, vikazungushwa katika joto pamoja na unga wa kuzuia tundu lisizibe, hadi makali yakalainika. Kwa samisami ya moyo mweupe kioo cheupe kilifunikwa kwa chekundu kabla ya kuvutwa, kwa kuwa rangi nyekundu ilikuwa ghali. Kisha shanga zikasafirishwa hadi Unguja, zikauzwa na wafanyabiashara wa Kihindi na wa Ulaya, zikavuka hadi Bagamoyo, na hapo Wanyamwezi wakazibeba kwa miguu kupitia Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe, eneo la Tabora, safari ya miezi kadhaa.

Kiwanda hakikuweza kuamua nini kivaliwe Uyui au Ujiji. Henry Morton Stanley alilijua hilo 1871, wakati akijiandaa kumtafuta David Livingstone. Alisumbuka sana kwa jambo la shanga, na aliandika waziwazi sababu. Shanga nyeusi zilipita Ugogo tu, kwingine hazikuwa kitu. Sungomaji, kubwa kama yai dogo, zilipendwa Ujiji na Uguha, lakini zilikataliwa nchi nyingine zote. Nyeupe, zilizoitwa merikani kama kile kitambaa kutoka Marekani, zilikubalika Ufipa na sehemu za Usagara na Ugogo, lakini Uzigua na Ukonongo zingedharauliwa. Unyamwezi walitaka nyekundu. Akanunua magunia 22 ya aina 11, akiwa amehesabu kwa mwendo wa miaka miwili.

Aliyemtangulia hakuwa na bahati hiyo. Speke alipoondoka Kazeh Julai 1858 kwenda kaskazini, safari iliyomfikisha kwenye ziwa ambalo yeye aliliita Victoria, alibeba shanga nyeupe. Njiani akakuta zinazotakiwa ni za rangi, na wenye maziwa hawakuona haja ya kumbembeleza. Huyo ndiye mtu ambaye vitabu vya shule vilimwita mgunduzi, naye kikwazo chake kimoja kilikuwa kwamba hakujua wanawake wa Usukuma walikuwa wanavaa nini mwaka ule.

Ujuzi huo ulikuwa kwa nani, basi? Kwa kirangozi, kiongozi aliyetangulia msafara, na kwa wapagazi waliokwenda na kurudi pwani kila kiangazi. Wao ndio waliojua kilichoacha kupendwa tangu masika yaliyopita. Mwanahistoria Karin Pallaver, aliyezichunguza shanga za njia hii, anazichukulia kama fedha kamili, zenye maeneo yake ya mzunguko, na siyo vikorokoro vya kuhadaa watu.

Ushahidi bora uko mwisho wa njia, Ujiji. Verney Lovett Cameron alifika huko Februari 1874 akakuta soko likiendeshwa kwa sofi, shanga zinazofanana na vipande vya shina la kiko. Asubuhi, soko linapoanza, watu wenye mifuko ya sofi walizibadilisha kwa shanga nyingine za wanunuzi. Jioni walizipokea tena kutoka kwa wauzaji, wakipata faida kwenda na kurudi. Kwa lugha ya leo, hao wana duka la kubadilishia fedha.

Siwezi kuzisifu shanga nikanyamaza kuhusu kilichonunuliwa kwazo. Njia hii ilibeba pembe na ilibeba watu. Abdul Sheriff ameonyesha jinsi bei ya pembe ilivyopanda mfululizo katika karne ya 19 huku bei ya bidhaa za viwandani ikishuka, na faida ikabaki kwa wale wa Unguja na ng'ambo. Uzi ule ule wa samisami ulioweza kumpa mpagazi chakula cha jioni ulikuwa ndani ya mzunguko uliomleta mtumwa hadi Bagamoyo. Kwihara, ambako Stanley na Livingstone waliishi pamoja Februari na Machi 1872, imo pamoja na Bagamoyo, Mpwapwa na Ujiji katika orodha ya awali ya urithi ambayo Tanzania iliipeleka UNESCO mwaka 2006. Orodha hiyo inaitaja njia hii kwa jina lake la kweli, njia ya watumwa na pembe.

Fedha ya chuma iliziua shanga kama fedha, siyo kama pambo. Wajerumani walianza kutoza kodi ya kibanda 1898, na mwaka 1904 wakaigawa rupia kwa heller 100. Kila Mtanzania anayesema hela bado analitamka neno hilo la Kijerumani. Reli ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na mzigo wa mpagazi ukahamia kwenye behewa.

Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia, meli zikazuiwa, na sarafu zikaadimika. Mwaka 1916 Wajerumani wakapiga sarafu zao wenyewe katika karakana ya reli Tabora: heller za shaba kutokana na maganda ya risasi na mizinga, na rupia 15 za dhahabu ya Sekenke, Iramba. Za dhahabu zilitoka 16,198. Wabelgiji waliuteka mji tarehe 19 Septemba mwaka huo. Leo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanaitafuta sarafu hiyo ya dhahabu kwa jina la Tabora, wanaijua kwa uzito wake wa gramu 7.168, na wanaihifadhi ndani ya vifuko wasiruhusu kidole kuigusa. Upande mmoja una tai wa Kaiza. Upande wa pili, mbele ya milima, amesimama ndovu ameinua mkonga, pembe zake zikionekana wazi, zile zile ambazo samisami ilizifuata kutoka pwani kwa miguu ya Wanyamwezi.