Sura na umbo katika mvuto wa wanaume wapenzi wa jinsia moja: Tafiti zinasema nini

WATAALAMU wa saikolojia wamejiuliza kwa miongo kadhaa ni kitu gani humfanya mwanamume autangulize uzuri wa sura na umbo anapotafuta mwenzi. Jibu lililozoeleka ni kwamba mwanamume huangalia sura kwa sababu anamtazama mwanamke, na jamii imezoea kumpima mwanamke kwa urembo wake. Tafiti zilizofanywa miongoni mwa wanaume wapenzi wa jinsia moja zimelitia shaka jibu hilo. Aidha, zimefichua tatizo la kiafya ambalo kwa muda mrefu lilidhaniwa kuwa la wanawake peke yao.

Msingi wa tafiti hizo uliwekwa mwaka 1966 katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Elaine Walster na wenzake waliandaa dansi ya wanafunzi 752 wa mwaka wa kwanza, wakawaambia kuwa kompyuta ndiyo iliyomchagulia kila mmoja mwenzake wa kucheza naye. Kwa kweli waliwapanga kwa bahati nasibu. Dansi ilipokwisha ilibainika kuwa akili na tabia hazikueleza nani angependa kumwona tena mwenzake. Kilichoeleza ni sura. Jaribio la aina hiyo lilifanywa baadaye na Sergios na Cody kwa wanaume wapenzi wa jinsia moja, na matokeo yao, yaliyochapishwa katikati ya miaka ya 1980, yalielekea upande ule ule.

Mwaka 1984, Kay Deaux na Randel Hanna walichambua matangazo 800 ya watu waliokuwa wakitafuta wapenzi kupitia magazeti. Wanaume, wawe wanatafuta wanawake au wanaume wenzao, walizungumzia zaidi mambo ya mwili, ilhali wanawake walitilia mkazo zaidi hulka na hisia.

Ushahidi mpana zaidi ulitokana na uchunguzi uliofanywa na Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, kwa njia ya intaneti mwaka 2005. Richard Lippa wa Chuo Kikuu cha Jimbo la California mjini Fullerton alichambua majibu ya wanaume 119,733 na wanawake 98,462, waliotakiwa kuchagua sifa tatu muhimu kuliko zote za mwenzi kati ya sifa 23. Kwa ujumla akili ilishika nafasi ya kwanza, ikifuatiwa na ucheshi, uaminifu na wema, ndipo ukaja uzuri wa sura na umbo.

Hata hivyo, wanaume waliupa uzuri uzito mkubwa kuliko wanawake, na tofauti hiyo ilijitokeza kwa namna inayofanana sana katika mataifa 53. Jambo lililovuta hisia za watafiti, matokeo yalipochapishwa mwaka 2007, ni kwamba majibu yalijigawa kwa kufuata jinsia ya mjibuji, si kwa kufuata jinsia anayovutiwa nayo. Wanaume wapenzi wa jinsia moja walifanana na wanaume wengine kuliko walivyofanana na wanawake, ingawa wao na wanawake wanavutiwa na wanaume.

Umbo gani hupendwa?

Viren Swami na Martin Tovée walichapisha mwaka 2008 utafiti uliowataka wanaume wa makundi yote mawili kupima mvuto wa miili ya wanaume katika picha. Makundi yote yaliongozwa zaidi na uwiano wa kifua na kiuno, yaani kifua kipana na kiuno chembamba, lakini wanaume wapenzi wa jinsia moja walikitegemea kigezo hicho zaidi. Kuhusu uso, utafiti wa Aaron Glassenberg na wenzake wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa wanaume hao walipendelea nyuso zenye dalili nzito za kiume kuliko kundi jingine lolote lililochunguzwa.

Mtazamaji na mtazamwaji

Mwaka 1994 Michael Siever alitoa hoja iliyobadili mwelekeo wa mjadala. Ikiwa wanaume ndio wanaotilia mkazo sura, alieleza, basi kila anayetaka kumvutia mwanamume hubeba mzigo wa kupimwa kwa mwili wake, awe mwanamke au mwanamume. Aligundua kuwa wanaume wapenzi wa jinsia moja walikaribiana na wanawake wanaopenda wanaume katika kutoridhika na miili yao. Mwanamume wa kundi hili ni mtazamaji na mtazamwaji kwa wakati mmoja: kipimo anachowapimia wenzake ndicho wanachompimia yeye.

Gharama ya hali hiyo imeonekana katika afya. Ilan Meyer na Matthew Feldman, katika utafiti wao wa mjini New York uliochapishwa mwaka 2007, walibaini kuwa matatizo ya ulaji yalikuwa mengi zaidi kwa wanaume wapenzi wa jinsia moja na wale wanaovutiwa na jinsia zote mbili kuliko kwa wanaume wengine. Matatizo hayo ni pamoja na kujinyima chakula hadi mwili kudhoofika, na kula kupita kiasi kisha kujitapisha.

Mwaka 2009, Letitia Peplau na wenzake walieleza kuwa asilimia 42 ya wanaume wapenzi wa jinsia moja walisema hisia zao kuhusu miili yao zinaharibu maisha yao ya unyumba, ikilinganishwa na asilimia 22 ya wanaume wengine. Hata hivyo, watafiti hao walitahadharisha kuwa tofauti ya jumla katika kuridhika na mwili ilikuwa ndogo. Si haki, kwa hiyo, kudhani kuwa kila mwanamume wa kundi hilo anauchukia mwili wake.

Ujio wa mitandao ya picha umeongeza wasiwasi. Scott Griffiths na wenzake walichunguza wanaume 2,733 wa Australia na New Zealand, na mwaka 2018 wakaripoti kuwa matumizi ya mitandao ya kijamii yaliambatana na kutoridhika na mwili, dalili za matatizo ya ulaji na mawazo ya kutumia dawa za kukuza misuli. Uhusiano huo ulikuwa na nguvu zaidi katika mitandao inayotegemea picha. Lakini kuambatana si kusababisha: huenda asiyeridhika na mwili wake ndiye anayezikimbilia picha hizo.

Tafiti hizi zina mipaka yake. Nyingi zilitegemea watu waliojitolea, hasa wa nchi tajiri za Magharibi, na wale wanaoficha hali yao huwa vigumu kuwafikia. Pamoja na hayo, zinatoa somo kwa tabibu. Mwanamume aliyekonda ghafla, au anayeshinda katika ukumbi wa mazoezi huku akiogopa sahani ya chakula, anastahili kuulizwa maswali yale yale ambayo msichana mwenye dalili hizo angeulizwa. Akidhaniwa kuwa na afya kwa sababu tu ni mwanamume, ugonjwa wake utaendelea kukua pasipo tiba.