Mzigo Unaoliwa Njiani

Chukua pagazi mmoja, mtwike kilo 25 za unga. Tuseme anakula kilo moja kwa siku. Akitembea siku kumi na mbili kwenda na kumi na mbili kurudi, mzigo karibu wote umeishia tumboni mwake, na askari aliyeungojea mbele amepata kilo moja tu. Hesabu hii ndiyo iliyowaandama Waingereza walipopigana na Wajerumani Afrika Mashariki, 1914 hadi 1918. Mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe. Masika ilipofika, magari yalizama matopeni. Yakabaki mabega ya watu. Upande wa Waingereza pekee ulikusanya wapagazi wapatao milioni moja, na rekodi zao wenyewe zinakiri vifo zaidi ya 95,000. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, na unga wa mahindi usioiva, tena kwa mtu aliyekulia ndizi.

Wainka wa milima ya Andes, Amerika Kusini, nao walipigana bila gurudumu. Lama hawezi mzigo mzito, kwa hiyo hata kwao bega lilitumika. Ila wao waliligeuza swali: chakula kisimfuate askari, askari akikute. Kandokando ya barabara zao, Qhapaq Ñan, mtandao wa kilomita zipatazo 30,000, walijenga maghala kwenye miteremko yenye baridi na upepo. Huánuco Pampa pekee yalikuwa karibu 500. Humo mlikaa mahindi na viazi vilivyogandishwa kisha kukaushwa. Sitawapamba: maghala yalijazwa kwa kazi ya lazima, na wapo waliohamishwa makwao kwa amri. Lakini jeshi lilipoondoka, chakula kilikuwa kimeshatangulia.

Kilichonishangaza zaidi ni daftari zao, yaani nyuzi za mafundo ziitwazo quipu. Wahispania walipoingia Peru, machifu wa Wanka, kabila lililokuwa chini ya Wainka, waliwalisha kutoka maghala ya Jauja, na kila kilichotoka kikafungiwa fundo. Robo karne baadaye walizipeleka nyuzi hizo mahakamani Lima, wakadai haki yao, kipengele kwa kipengele.

Waingereza walikuwa na karatasi na makarani. Kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, kimetuachia jina la Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi. Mishahara ya maelfu waliokufa ilibaki mikononi mwa serikali, warithi hawakuiona.